Nilivyompokea Papa kwa Wimbo wa Kuaga Roho

Juzi, kwenye treni ya kwenda Södertälje, mama mmoja mzee alikaa mbele yangu, akafungua mkoba wake, akatoa kichupa cha kijani na kujipaka mafuta kidogo chini ya masikio. Harufu ya mkaratusi ikajaa behewa zima. Watu wa Stockholm hawasemi kitu kwenye treni, wanageuza tu uso upande wa dirisha, lakini mimi nilivuta pumzi mpaka mapafu yakakataa. Ghafla nilikuwa na miaka tisa tena, niko Spånga, pembezoni mwa Stockholm, nimekaa kwenye zulia la Bu Ratmi, miguu nimeikunja, ninaimba.

Bu Ratmi alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya chini. Alitoka kisiwa cha Java, kule Indonesia, akaolewa na Mswidi mpole ambaye kazi yake kubwa nyumbani ilikuwa kutafuta miwani yake. "Bu" ndivyo wanavyomwita mwanamke wa heshima kwao, kama sisi tunavyosema Mama Fulani. Mama yangu alikuwa akifanya usafi kwenye maofisi ya Kista, anaondoka mchana na kurudi jioni, kwa hiyo nikitoka shule nilikuwa nashukia kwa Bu Ratmi. Alinipa wali na yai la kukaanga lenye pilipili ya kunitoa kamasi. Halafu alijipaka mafuta yale ya mkaratusi shingoni, akanipaka na mimi, maana alidai kwamba koo lenye baridi linatoa sauti ya mlango mkavu. Ndipo tulipoanza.

Nyimbo zao wanaziita tembang, na usifikiri ni nyimbo za kuimba ovyo unapoosha vyombo. Ni mashairi yanayoimbwa, na kila bahari ina sheria zake: idadi ya mishororo, mizani ya kila mshororo, na irabu ambayo mshororo lazima uishie nayo. Chukua bahari inayoitwa Kinanthi. Mishororo sita, kila mmoja mizani nane. Wa kwanza unaishia na u, wa pili i, wa tatu a, halafu i, a, i. Ukikosea irabu moja, Bu Ratmi hakugomba, alisimama tu kuimba na kutazama dari, na hiyo ilitosha kukuadhibu. Mizani tuliihesabu kwa vidole kwenye goti. Kila bahari ilikuwa na wakati wake katika maisha ya mtu, tangu mimba iliyo tumboni mpaka sanda, na mtu mzima mwenye akili zake alijua ipi inaimbwa wapi. Mimi sikuwa mtu mzima. Nilikuwa najua kuimba tu.

Na nilijua kuimba, jamani, sioni haya kulisema. Maneno ya Kijava sikuelewa hata nusu yake, lakini sikio langu lilishika irabu za mwisho kabla hata Bu Ratmi hajanionyesha. Alishangaa sana. Wajava wenzake nao walishangaa, wale waliokutana Jumapili moja kila mwezi kwenye chumba cha wapangaji, chini ya jengo letu, karibu na mashine za kufulia. Walikaa mviringo juu ya mito, mmoja akaimba ubeti, aliye kulia kwake akapokea pale mwenzake alipoishia, na zamu ikazunguka hivyo mpaka chai ikapoa. Sheria ya mviringo ule ilikuwa moja tu: ukikaa, unaimba. Uwe na sauti ya kinanda au ya chura, zamu yako ikifika ni yako. Nilikuwa mtoto pekee, mweusi pekee, na kwa maoni yangu ya wakati ule, mwimbaji bora pekee.

Nyumbani nilikuwa mtu mwingine. Mama alinisemesha Kiswahili cha Uvira, kwetu Kongo, mimi nikamjibu Kiswidi. Haikuwa jeuri. Kiswahili kilikuwa kinaingia masikioni vizuri kabisa, ila kutoka mdomoni kilitoka kimevunjika, na mimi sikupenda kufanya jambo nisilolijua mbele za watu. Papa, yaani baba yangu, tulimwacha kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania nikiwa na miaka mitatu, kwa sababu karatasi zake hazikuwa zimekamilika. Kwangu alikuwa sauti ya kwenye simu, enzi zile za kadi za kukwangua. Mama alinisogezea simu sikioni, nikasema, "Jambo Papa, niko muzuri," nikarudisha simu upesi kama niliyeshika sufuria ya moto.

Halafu karatasi zikakamilika. Papa angefika Februari, na Mama akaanza kufua mapazia ambayo yalikuwa safi. Alijua sitaweza kutoa hotuba ya kumkaribisha, kwa hiyo akaniomba nimwimbie kitu, chochote, hata cha Bu Ratmi. Nilikubali kwa furaha. Nikachagua wimbo mzuri kuliko zote nilizokuwa nazijua, na huo hakunifundisha mtu. Niliudaka mwenyewe kwenye mviringo, siku waliyomkumbuka marehemu mke wa Pak Darmo, mzee wa kikundi. Bahari yake inaitwa Megatruh. Ulikwenda polepole, ukishuka kama mtu anayeteremka ngazi huku ameshika ukuta, na kila nilipousikia nywele zilinisimama. Niliufanyia mazoezi bafuni, na sikumuuliza mtu yeyote.

Siku ya karamu nyumba ilijaa Wakongomani na Warundi wa kanisani kwetu, sombe, kisamvu cha kwetu, inanukia mpaka kwenye lifti. Papa alikuwa mwembamba, amevaa koti alilopewa na mtu, mikono ya koti imemfunika vidole. Nikasimama katikati ya sebule nikaimba. Niliimba vizuri kuliko siku zote. Akina mama wakapiga vigelegele. Papa alifuta macho kwa mkono wa lile koti. Bu Ratmi, aliyekuwa amekaa pembeni na sahani yake, aliweka kijiko chini na hakukigusa tena. Papa alinishika bega akaniambia maneno mengi ya Kiswahili, yote nikayaelewa, nami nikamjibu "Tack", asante ya Kiswidi, na kwenda chumbani kwangu.

Kesho yake asubuhi Bu Ratmi alipanda kwetu na sufuria ya wali wa manjano, uso ameukaza. Alimweleza Mama kwa Kiswidi, na Mama, huku akishindwa kuzuia kicheko, akamtafsiria Papa. Megatruh ni bahari ya roho inapoachana na mwili. Inaimbwa penye msiba. Mtu amengoja miaka sita kuja kwa mke na mtoto wake, na mtoto amempokea kwa wimbo wa kumtoa duniani. Papa alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka bila simu katikati yetu. Bu Ratmi hakucheka hata kidogo. Alisema jambo kama lile haliachwi likining'inia. Papa lazima aje kwenye mviringo aimbiwe upya, kwa Kinanthi, ambayo ni bahari ya mtoto anaposhikwa mkono na kuongozwa. Papa akasema atakuja, na nadhani alikubali kwa adabu tu.

Zikapita wiki mbili tatu ambazo sitaki kuzipamba. Papa aliamka mapema, akaenda kwenye ofisi ya ajira, akarudi na makaratasi. Akaniuliza shule ilikuwaje. Nikamjibu kwa Kiswidi. Akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa, akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililoniumiza, kwa sababu nilijua hajaelewa kitu. Nilikuwa namwogopa. Si kwamba alikuwa mkali, alikuwa mpole kupita kiasi, lakini alikuwa mgeni anayetumia taulo letu na kunijua jina. Na niliogopa zaidi kwamba nikifungua mdomo kwa Kiswahili atasikia kilivyovunjika na kucheka kama alivyocheka ile asubuhi. Mama aliona yote. Siku moja, akimenya ndizi, alisema kwa uchungu bila kumtazama mtu:

"Mutoto anaimbia watu wa mbali, na baba yake hamupi hata neno moja."

Jioni moja nikawasikia jikoni. Papa alikuwa anamwambia Mama kwamba rafiki yake wa kambini yuko kaskazini kabisa, kwenye kiwanda cha mbao, na kwamba huko kuna kazi. Angeenda, angetuma pesa, angekuja sikukuu. Mama akamuuliza kwa nini aende mbali hivyo wakati ndiyo kwanza amefika. Papa akasema kwamba hapa anamsumbua mtoto tu. Nilisimama kwenye korido na soksi zangu. Nilikuwa nimetamani nyumba irudi kama zamani, na sasa ilikuwa inataka kurudi kweli, na sikutaka tena. Lakini ningelisemaje jambo hilo, na kwa lugha ipi?

Jumapili ya mviringo ikafika. Papa alishuka na koti lake, akavua viatu, akakuta mto mmoja tu haujakaliwa, nao ulikuwa kushoto kwangu. Bu Ratmi ndiye aliyepanga mito. Wakamwimbia Kinanthi mmoja baada ya mwingine, mhandisi wa Kista, mpishi, Pak Darmo na meno yake machache, na kila mmoja alimtazama Papa alipoimba, kama vile anamkabidhi kitu. Zamu ikawa inamkaribia. Nikamnong'oneza Bu Ratmi kwa Kiswidi kwamba Papa hajui Kijava, wamruke.

"Hapa harukwi mtu," akasema, na akageuza uso pembeni.

Papa alikunja mikono ya koti. Akaweka vidole vyake juu ya goti, kama ninavyoweka mimi. Akaimba, kwa tuni ileile, bila kukosea hata pale inapopanda ghafla, na maneno yalikuwa ya Kiswahili:

Nishike mkono wangu,
njia yenu siijui,
theluji imefunika
alama zote njiani;
wewe umetangulia,
geuka unisubiri.

Nilihesabu. Sikuweza kujizuia, nilihesabu. Nane, nane, nane, na irabu zote zimekaa mahali pake. Pak Darmo, ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu watu wote wakanigeukia. Kulia kwa Papa nilikuwa mimi. Zamu ilikuwa yangu, na anayepokea lazima aanzie pale mwenzake alipoishia. Ningeweza kuimba ubeti wowote wa Kijava niliokuwa nao kichwani, nilikuwa nao wa kutosha. Lakini Papa alikuwa ameniomba jambo, na ombi halijibiwi kwa lugha ambayo mwombaji haijui. Hata mtoto wa miaka tisa analiona hilo. Nikafumba macho.

Baba, njoo nyuma yangu,
polepole, sikimbii.

Mshororo wa tatu ukanikimbia. Nilitafuta neno, sikulipata, nikafungua macho. Papa hakunisaidia wala hakucheka. Alikuwa ameegemea mbele kidogo, anangoja, kana kwamba ana siku nzima. Bu Ratmi akaanza kuiimba tuni midomo imefungwa, wengine wakamfuata, wakanishikilia mahali pale mpaka nipate cha kusema. Mwishowe niliumalizia ubeti kwa mchanganyiko wa Kiswahili na Kiswidi, mizani ikazidi, irabu ikapotea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bu Ratmi hakutazama dari.

Tulipokuwa tunapanda ngazi, Papa aliniuliza nguo zinafuliwa siku gani kwenye mashine zile za chini. Nikamwambia, "Ya Jumanne, lakini unaandika jina mbele." Kiswahili kibovu kabisa. Akasema, "Sawa," akaniuliza sabuni ipi. Tuliongea habari za sabuni mpaka mlangoni. Habari za kaskazini hazikusikika tena kwetu. Baadaye alipata kazi Södertälje, kwenye kiwanda cha malori, akasafiri na treni hii hii kila alfajiri mpaka alipostaafu.

Nilikuwa nimeshakua Mama aliponieleza kwamba Papa aliongoza kwaya kule Uvira, na kwamba jioni zote za wiki zile, mimi nikiwa nimelala, yeye na Papa walikuwa wanashuka kwa Bu Ratmi, Papa kujifunza na yeye kutafsiri. Nilicheka, nikasema ndiyo maana hakukosea mizani. Sikufikiri zaidi ya hapo. Miaka ile yote niliamini kwamba Papa alikuwa ameimba habari za theluji, kwa sababu alikuwa mgeni na theluji ilikuwa nyingi.

Ilinibidi niwe na mtoto wangu mwenyewe, anayenijibu Kiswidi nami nikimsemesha Kiswahili, ndipo nikaelewa inavyomgharimu mtu mzima kuketi chini mbele ya mwanawe na kumwambia: mimi sijui, wewe ndiye unayejua. Papa alikuwa amezunguka mji mzima na makaratasi yake akitafuta kazi. Ile aliyoitaka kuliko zote alikuja kuiomba kwenye chumba cha chini, karibu na mashine za kufulia, kwa mishororo sita. Alikuwa anaomba kazi ya kuwa baba yangu. Na mimi, bila kujua, nikampa palepale.