Sayari Iliyopita Chini ya Gari

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Fundi Yai, kwa sababu kwa miaka thelathini na minane meza zake zote zilitoka na umbo la yai. Ukimwomba ya pembe nne, angekuuliza kwa upole kama huna watoto, maana pembe na mapaji ya watoto haviivi chungu kimoja. Kazi yenyewe aliifanya hata kwa macho yaliyofumbwa: misumari miwili kwenye ubao, kitanzi cha uzi, penseli ndani ya kitanzi, zungusha uzi ukiwa umekaza. Mguu wa meza hukaa katikati kabisa ya misumari.

Siku moja binti yake, mwalimu wa sayansi katika shule ya jirani, aliingia karakana na uso wa mtu mwenye shida. Alitaka kuchora njia za sayari kwenye uwanja wa saruji wa shule, watoto wajifunze kwa miguu. Mwalimu mkuu alikuwa na hamu ya kuufanya uwanja huo maegesho ya walimu, akampa mpaka Ijumaa. Somo likifana, uwanja ni wa watoto; likidoda, ni wa magari.

"Baba, zile nane zinazofahamika naziweza, ni kama miduara tu. Inayonishinda ni Eris. Ni sayari kibete, iko mbali huko, na njia yake ni yai."

Mzee alicheka mpaka akakalia rundo la mbao. Maisha yote ametaniwa kwa mayai yake, kumbe hata angani yamo. "Hapo umefika penyewe, mwanangu."

Alhamisi, binti akiwa darasani, Fundi Yai alipigilia misumari miwili mirefu, kila mmoja hatua sita kutoka alama ya Jua iliyokuwa katikati ya uwanja, akazungusha kamba na chaki, kisha akapaka rangi nyeupe. Yai likaenea uwanjani barabara, likabakiza hatua moja kufikia mawe ya mpakani. Alisimama mikono kiunoni, kichwa kimemvimba kwa fahari.

Binti yake alipotoka, alilitazama yai, kisha Jua, kisha yai tena.

"Limepinda?" mzee akauliza.

"Halijapinda, Baba. Ila Jua umeliweka katikati ya yai."

"Mguu ukae wapi sasa?"

"Jua halibebi meza. Linakaa kwenye msumari mmoja. Ndiyo maana Eris hulisogelea, halafu huenda zake mbali, mara mbili na nusu ya umbali ule wa karibu, ndipo irudi. Mzunguko mmoja tu ni miaka kama mia tano na sitini."

Fundi Yai alisikia uso unamwaka. Aliogopa kweli, si kwa ajili ya sifa zake, bali kwa ajili ya binti huyu ambaye hakumlaumu hata kwa jicho. Walichukua matambara na mafuta ya taa, wakasugua rangi mbichi wakiwa wamepiga magoti, na baada ya dakika chache walikuwa wanacheka.

Akaanza upya. Msumari mmoja kwenye Jua, wa pili hatua kumi na mbili kutoka hapo, kamba ileile. Upande mmoja mstari ulipita hatua nane kutoka Jua. Upande wa pili zilikuwa ishirini, na uwanja uliishia kumi na tano. Njia ikaruka mawe, ikapita mahali mwalimu mkuu anapoegesha gari lake, ikarudi. Binti akaweka vituo hamsini na sita, kila kimoja miaka kumi: karibu na Jua, ambako Eris hukimbia, viliachana sana; kule mbali, ambako hujikokota, vilibanana.

Ijumaa shule nzima ilipiga makofi, na kwa kila kofi mtoto aliyekuwa Eris alisogea kituo kimoja. Msichana wa kwanza alikwenda vizuri mpaka nje ya mawe, akasimama.

"Mwalimu, Eris imefika kwenye gari."

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu, mtu mnene asiyetabasamu bure, alitoa funguo, akalisogeza gari lake. Fundi Yai, aliyejibanza ukutani, aliona kila kitu kimeharibika. Lakini yule bwana alirudi, akasimama kwenye kituo kilicho karibu zaidi na Jua, akasema, "Nipigieni na mimi."

Wakampigia. Pale karibu ilimbidi aruke kila kofi, tai ikimpiga usoni; kule mbali akaburuza viatu kama mtu aliye kwenye foleni; kisha akaanza kuruka tena, huku watoto wakipiga kelele za furaha. Alimaliza akihema, jasho likimtiririka.

"Fundi," akaita, "rangi hii inadumu miaka mingapi?"

"Mitano, Mwalimu. Nusu kituo."

"Basi kila nusu kituo uje uirudie. Magari yatafute pengine."

Binti akamkumbatia baba yake mbele ya shule nzima, na mzee akalia bila aibu.