Vitu Visivyo vya Mtoto

Daktari alisema nilale ubavu wa kushoto mpaka mimba itimize miezi yake, na niinuke kwenda msalani tu. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Mimi ni mtu wa njia. Kabla ya mimba ile nilikuwa nakwenda mpakani Kasumbalesa kuchukua vitenge, narudi navyo, nazungusha mzigo mtaani Kamalondo asubuhi na kwenye majumba ya matajiri, mtaa wa Golf, mchana, na jioni bado nilikuwa na miguu ya kwenda kumsalimu dada yangu. Kunilaza mimi ni kama kumfunga mbuzi kwenye kochi.

Lakini nililala. Mimba ya kwanza ilinitoka ikiwa kubwa, wakati watu walishaanza kunikisia mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Kwa hii ya pili ningelala hata juu ya misumari. Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: huyu azaliwe, alie, na mimi nimsikie.

Mama mkwe akahama kwake Naviundu kuja kunilinda. Alikuja na sufuria yake ya kusongea bukari, ugali wetu, kwa kuwa zangu hakuziamini, na Biblia yake, na amri moja. Aliitoa siku ileile ya kwanza, amesimama mlangoni mwa chumba na kikapu bado kikiwa mkononi.

"Mama," aliniambia, maana kwetu hata mke wa mwana huitwa mama, "apa mu nyumba, kintu ya mutoto hapana. Layette, manguo ya mutoto, hapana, bonnet ya kichwa hapana, hata soksi. Siku atazaliwa, njo tutatafuta."

Nilijua anatoka wapi na maneno hayo. Mara ya kwanza nilikuwa nimenunua kila kitu: beseni la kuogea, kofia, blanketi, vinguo vya kukunja na kukunjua. Nilipokuwa bado hospitalini, ni yeye aliyeviondoa nyumbani ili nisivikute. Sikumwuliza alivipeleka wapi. Basi na safari hii sikubishana. Nilinyamaza na kununa, jambo ambalo mtu anaweza kulifanya vizuri sana akiwa amelala.

Wiki za mwanzo zilinishinda. Miguu ilitaka kutembea yenyewe chini ya shuka. Nilijua kila doa la dari. Nilisikia cherehani ya fundi wa ng'ambo ya barabara ikianza asubuhi, kisha muziki wa baa, kisha wanawake wenzangu wakipita na mizigo yao wakicheka, na kila kicheko nilikiona kama kinanichokoza. Nilimgombeza mume wangu kwa kutafuna kwa sauti. Nilimgombeza kwa kuacha kutafuna. Yeye ni mtu wa upole, tena mwenye subira, na upole wake ulinikera kuliko yote.

Jioni moja akarudi na gunia dogo begani. Alikuwa amepita kwa yule fundi, mzee Mwislamu ambaye watu wake walitoka Maniema, anayeshona nguo za arusi, na mzee alikuwa amemjazia mabaki ya vitambaa: vitenge vya rangi zote, satini, lesi ya dantela, vipande vya suti.

"Fundi anasema ushikishe mikono kazi," mume wangu alisema. "Eti mikono ikifanya kazi, miguu itatulia."

"Amwambie mke wake," nilimjibu. Lakini gunia nililivuta karibu.

Dada yangu, anayeuza vifaa vya shule mjini, naye akaniletea karatasi za kufungia zawadi, zile ncha za mwisho za roli ambazo wateja hawazitaki: za dhahabu, za maua, za nyota. Akanionyesha video kwenye simu. Wanawake wa huko mbali, meza zao nyeupe, kucha zao safi, na kila video inaanza kwa kusema kazi hii ni rahisi kabisa. Rahisi! Wana bastola ya kuyeyushia gundi, wana mkasi wa kila umbo. Mimi nilikuwa na mkasi mmoja unaotafuna kitambaa badala ya kukikata, gundi ya unga wa ngano aliyonipikia mama mkwe huku akinung'unika kuwa ule ni unga wa maandazi, na umeme uliokatika kila nilipofika pale wanapoonyesha hatua ya tatu. Hatua za mbele nilizibuni mwenyewe.

Nilianza na makopo ya maziwa. Unapaka gundi, unazungusha kitenge, unakunja ukingo kwa ndani, unafunga utepe wa dantela shingoni, na kopo linakuwa chombo cha kalamu. Kisha nikajifunza shanga za karatasi: unakata karatasi ndefu, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, unaivingirisha kwenye njiti ya ufagio ukianzia upande mpana, unagundisha ncha, unachomoa njiti. Kisha maua ya kitambaa: unachora duara kwa mdomo wa kikombe, unapitisha uzi ukingoni, unavuta, duara linajikusanya lenyewe. Haya ya mwisho yalinipa raha ya ajabu, ule mvuto wa uzi. Nilitengeneza mengi mno.

Mama mkwe alikagua kila kitu. Aliingia na uji, akaketi ukingoni mwa kitanda, akachukua kitu kimoja kimoja na kukigeuza kama afisa wa mpakani.

"Hii iko ya nani?"

"Ya bwana, Mama. Ya kuweka bic zake."

"Na hii?"

"Ya dada. Ya kufunga nywele."

"Na hii?"

Hicho kilikuwa kifuko cha satini chenye kamba, kidogo kama kiganja. Sikuwa nimefikiria ni cha nani. Nilisema ni chake, cha kuwekea miwani. Akakijaribu, miwani ikagoma kuingia, akanitolea macho.

"Bintu byako biko bidogo bidogo, mama," alisema. "Kila siku binapunguka."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli na sikuwa nimeiona. Nilianza na makopo makubwa, na sasa mikono ilikuwa inakata vidogo bila kuniuliza. Nikamwambia vitambaa vyenyewe ndivyo vidogo, ni mabaki, ningefanyaje. Akavikusanya vyote akavipanga dirishani, kila kimoja na mwenyewe wake mkubwa mwenye ndevu au mwenye maziwa, akatoka.

Siku chache baadaye fundi akaleta mfuko mwingine, na chini kabisa nikakuta kipande cha flanela nyeupe chenye bata wadogo wa manjano. Kilikuwa kikubwa kuliko vingine, na laini mpaka nikakiweka shavuni. Nilikificha chini ya mto. Sikuwa na nia ya kukishona, au labda nilikuwa nayo, sijui. Nilitaka tu kiwe chumbani.

Mama mkwe alikipata alipokuwa anabadilisha foronya. Alikikunja mara mbili, akakishika kwa ncha za vidole, akatoka nacho. Nilimwona kupitia dirisha akivuka barabara, pikipiki zikimpigia honi, akamkabidhi fundi kile kipande mkononi. Hata kutoka kitandani nilisikia sauti yake.

"Papa, hii mulikosea."

Fundi akakipokea kwa mikono miwili. Nadhani alielewa, kwa sababu alimwinamia kidogo kabla ya kurudi ndani. Mimi sikuelewa kitu wala sikutaka kuelewa. Damu ilinichemka mpaka masikioni. Mtu mzima, mwenye nyumba yangu, ninanyang'anywa kitambaa kama mtoto aliyeiba sukari, na siwezi hata kuinuka kumfuata barabarani. Alipoingia nilimgeuzia mgongo, nikalala ubavu wa kulia, ule niliokatazwa, kwa kumkomoa. Akanigeuza kwa nguvu za mtu aliyezoea kubeba magunia, akafunika miguu yangu, akaenda kusonga bukari. Wiki ile nzima nilimjibu kwa neno moja moja.

Maumivu yalikuja mchana wa mvua. Mvua za kwetu hupiga bati mpaka watu wazungumze kwa kupaza sauti, na nilikuwa navingirisha shanga nilipohisi tumbo linakaza, likaachia, likakaza tena. Miezi ilikuwa haijafika. Nilijua vizuri sana ilikuwa haijafika. Nilimwita kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Alikuja mbio akiwa na unga mikononi. Tulimpigia simu daktari. Alisema nisiinuke, ninywe maji, tusubiri. Tukiona damu au yakizidi, twende haraka. Mume wangu alikuwa kazini na barabara zilikuwa zimejaa maji. Basi tukasubiri, roho juu, mimi na mwanamke ambaye nilikuwa simsemeshi.

Sikuweza kusubiri mikono mitupu. Nikachukua karatasi nyingine, nikaivingirisha vibaya, nikaitupa, nikachukua nyingine. Naye akanawa mikono, akaketi karibu, akachukua njiti na karatasi ya nyota, akaanza kuvingirisha. Hakuwa amewahi kushika kazi yangu isipokuwa kwa kuikagua. Alianza upande usio sawa, shanga yake ikatoka nene katikati na imepinda. Akaiweka kando, akaanza nyingine, imepinda vilevile.

"Inakamata tena?" aliniuliza.

"Inakamata, Mama."

"Bon. Vingirisha."

Tukavingirisha. Kisha, bila kuniangalia, huku mvua ikipiga, akaanza kuzungumza.

"Mukubwa ya bwana yako, mutoto yangu ya kwanza, hauyue kama alikuwako. Yeye mwenyewe hayue muzuri. Miye nilishona, mama. Kwa mikono. Bonnet, bikanzu, bitambala, na maua pa kola. Valise ikajala. Bantu balikuwa nakuya kuangaria." Akapitisha ulimi kwenye ncha ya karatasi, akaigundisha. "Nilirudia ku nyumba na valise. Manguo yote ilikuwa. Mutoto hapana. Tangu pale, sindano sijashika tena."

Niliuliza alifanya nini na hilo sanduku.

"Nilikalia naye. Myaka." Alichomoa njiti. "Njo maana yako niliondoa mbio. Sikupenda ukalie naye."

Nililia, na sikuona haya. Nikamwambia nilimchukia kwa ajili ya kile kipande cha bata, tena nilimchukia sana, wiki nzima.

"Nayua," alisema. "Ulikuwa unalala vibaya makusudi."

Tumbo likakaza mara moja zaidi, halafu likawa linachelewa, halafu likatulia. Mvua nayo ilikuwa imepungua. Hatukusema kuwa imepita, tuliogopa. Mume wangu alipofika amelowa chapachapa alitukuta tumezungukwa na shanga, nusu zimenyooka na nusu zimepinda, na mama yake akamfokea kwa kuingia na viatu vyenye tope.

Baada ya siku hiyo aliketi nami kila mchana. Sindano hakugusa. Alikata karatasi, alichanganya gundi, alipingana na video. Tulitengeneza utepe wa bendera ndogo za pembetatu, kitenge na karatasi kwa zamu, ukazunguka chumba chote, na alipouliza ni wa nani nilimwambia ni wa ukuta. Akakubali. Hofu yangu haikuondoka, ila sasa tulikuwa wawili wa kuilisha.

Mtoto hakungoja tarehe ya daktari, lakini alikaribia. Uchungu ulipoanza kweli, alfajiri, mume wangu alishika mfuko wa kwanza aliouona na kuutupa garini. Sitayaeleza yaliyotokea chumba cha kuzalia. Nitasema tu kwamba kulikuwa na kimya, na kimya kile nakifahamu, nilikwishakisikia mara moja maishani. Nilifumba macho. Kisha ikaja sauti, nyembamba na ya hasira, ya mtu anayetaka kujua ni nani aliyemwamsha.

Alikuwa msichana.

Muuguzi akauliza nguo za mtoto ziko wapi. Mama mkwe akasema hatuna. Muuguzi akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, mama mtu mzima, kitenge chake kizuri, akauliza tena kwa Kifaransa, kana kwamba tatizo lilikuwa lugha. Kisha akafungua mfuko wetu, akaanza kutoa: kopo la kalamu, maua ya satini, lundo la shanga, na ule utepe wa bendera, ambao aliuvuta, ukaendelea kuja, akauvuta tena, mpaka wanawake wa vitanda vingine wakashika matumbo kwa kicheko.

Mama mkwe hakucheka. Alifungua kitenge chake cha juu, akakikunja, akamfunga mjukuu wake ndani, akamweka kifuani pangu. Alikaa kitandani na kumtazama kwa muda mrefu. Aligusa sikio lake, akagusa kidole. Kisha akachambua vipande vilivyobaki chini ya mfuko, akachagua kimoja cha kitenge laini, kilichofuliwa, akakinyoosha juu ya goti lake na kunisogezea.

"Sasa, mama," alisema. "Sasa unaweza kushona."

Nilimtazama mtoto. Alikuwa amenikamata kidole.

"Mushone benyewe, Mama," nilimwambia. "Miye mikono imejala."

Alikivuta kile kipande, akakirudisha gotini pake. Halafu akaniuliza sindano nimeiweka wapi.