Ubongo wa Gari la Mzee Swaleh

Mwishoni mwa miaka ya sabini, Busia ikiwa bado ndogo na sote tunajuana, fundi wa umeme wa magari pale Burumba nilikuwa mimi. Kiburi tele. Mzee Swaleh mwenye duka akaniletea gari la mbio la Kijapani, alilonunua kwa mtu wa Uganda. Ukiliwasha, linakohoa, linazima.

Chini ya dashibodi nikakuta kisanduku cha chuma chenye nyaya kibao. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho.

"Huu ndio ubongo, mzee. Umekufa."

Siku tatu nikafuata waya mmoja mmoja, nikiufunga uzi wa rangi. Kila injini ilipokohoa, harufu tamu ya kahawa ilinijia, nami nikaisifu hoteli ya jirani yangu, Mama Nekesa. Ah, Busia ile!

Siku ya tatu, watu wamejaa kutazama, nikaita, "Mama, nitilie hiyo kahawa yako!"

"Kahawa gani, fundi? Mimi nauza chai peke yake."

Nikanusa tena. Harufu ilitoka chini ya gari. Nikainama, nikagonga ekzosi, lile bomba la moshi, kwa spana; likapasuka. Kahawa ya magendo iliyoliziba ikamwagika, nusu mbichi, nusu imekaangika.

Mzee Swaleh akaokota punje moja.

"Fundi, ubongo ndio huu?"