Sanduku Jekundu na Mlango Usiofungika

Nilimtuma mume wangu mnadani Dongobesh akanunue bawaba mbili na skrubu za kutosha mlango mmoja. Alirudi na sanduku jekundu la plastiki lenye vifaa kumi na vinne ndani, kila kimoja kimelazwa kwenye shimo lake kama kitoto kichanga. Bawaba hakuleta. Alisema bawaba ni kitu kidogo, zinapatikana popote.

Wakati huo mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya bado, na minada ilikuwa imejaa vitu vya kung'aa kutoka nje. Wazee walikuwa wanakumbuka enzi ambazo duka la kijiji likiletewa nyundo tano, watu walipanga foleni tangu alfajiri. Sasa nyundo zilimwagwa juu ya turubai kama viazi, unachagua rangi ya mpini. Mume wangu alichagua nyekundu.

Sasa nieleze huo mlango. Upepo wa mwezi wa saba huku Tlawi hauna adabu. Uliubamiza siku moja, bawaba ya chini ikang'oka na kipande cha ubao, na tangu hapo mlango ukaning'inia kwa bawaba ya juu peke yake kama mlevi aliyeshikwa bega. Ukitaka kuufunga lazima uuinue kwa mikono miwili kutoka ndani, uusukume, kisha uuzuie na jiwe la kusagia. Kutoka ndani, nasema. Kwa hiyo nyumba haikuweza kufungwa bila mtu kubaki ndani yake, na mtu huyo hakuwa mume wangu, kwa sababu yeye ni mwalimu. Mtu huyo nilikuwa mimi, na mtoto wangu wa miezi mitano mgongoni.

Mama yangu anakaa Gitting, upande wa Hanang. Ana mguu mbovu, hapandi gari. Mtoto alikuwa na miezi mitano na bibi yake hajamwona hata unyayo. Kila wiki alituma salamu, na kila wiki salamu zilifupishwa. Mwishoni aliniagiza nimwambie tu kama mtoto ni wa kweli au ni wa kusimuliwa.

Mlango ulikuwa mbaya kabla ya sanduku. Baada ya sanduku ukawa jela. Mume wangu aliliweka juu ya kabati, akalifunika kwa kile kitambaa changu cha kufuma nilichopewa siku ya kuagwa kwetu. Vishikio vyote aliviacha na nailoni yake visichubuke. Wageni wakija analifunua polepole, anawaonyesha, anataja kila kifaa kwa jina na matumizi, maana shuleni anafundisha stadi za kazi na nyundo anaichora ubaoni vizuri kuliko mtu yeyote wilayani. Kuitumia ni jambo lingine. Nilipomwomba atengeneze mlango ili niende kwetu, alisema atautengeneza shule zikifungwa. Nilipomwambia basi naenda na mlango ubaki hivyo hivyo, alinitazama kama nimetukana.

"Sasa hivi ndiyo nyumba haiwezi kuachwa wazi kabisa," akasema. "Kuna mali humu ndani."

Nilipomaliza kidato cha nne nilifikiri nimesoma vya kutosha kuelewa mambo, lakini hilo lilinishinda. Vifaa vya kutengenezea mlango ndivyo vilivyonizuia kutoka, kwa sababu mlango haujatengenezwa.

Jumanne yake akaenda shule. Nikanunua bawaba na skrubu kwenye duka la jirani, pamoja na misumari, komeo na kufuli; kweli bawaba zinapatikana popote, hilo hakudanganya. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikafunua kitambaa, nikachana nailoni kwa meno. Nakiri nilifurahia kuichana.

Bisibisi ilizungusha skrubu mara mbili. Mara ya tatu skrubu ilisimama, bisibisi ikaendelea. Nikaitoa nikaiangalia, ncha yake imejipinda kama sikio la mbuzi. Nikasema sawa, nitapigilia misumari. Nikachukua nyundo, nikapiga mara moja, mara ya pili nikashusha mpini mtupu. Kichwa hakikuwepo. Nilikisikia kikitua juu ya bati la jiko la mama mkwe, hatua arobaini kutoka kwetu, kikabingirika hadi chini bila haraka.

Mama mkwe akatoka. Alikuja amekishika kile kichwa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Nikamwamkia, shikamoo mama, mpini bado uko mkononi. Akaitikia marahaba vizuri tu, akauliza hali ya mtoto, hali ya ng'ombe, hali ya mwalimu. Ndipo akanyoosha mkono.

"Mama mtoto, huyu ni wa kwako? Amefika kwangu bila hata shikamoo."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha nikapata ujasiri nikamwomba aniazime nyundo yake. Kila mtu hapa anaijua nyundo hiyo. Ni ile ya enzi za foleni, imebadilishwa mpini mara tatu, kichwa chake kimekuwa cheusi na kizito kama dhambi. Imejenga nusu ya nyumba za kitongoji. Akakaa kwenye kigogo, akasema hawezi.

"Mwanangu aliniambia mwenyewe nyundo yangu ni ya makumbusho. Basi iko makumbusho."

Ndivyo alivyosema na hakutabasamu. Nikaona kwamba nimeolewa katika ukoo ambao nyundo zina heshima kuliko mimi. Lakini hakuniacha hivyo. Alisema nikusanye vifaa vyote, nisibague, nimpelekee mzee mhunzi anayenoa majembe kule chini barabarani. Yeye angekaa pale mlangoni alinde nyumba. Akavuta kigogo, akaketi katikati ya kizingiti, akaanza kuchambua maharage.

Mhunzi ni mzee asiyependa maneno. Nilimwamkia, akaitikia, akalipokea sanduku akalitazama nje kwanza, akaguna. Alitoa kifaa kimoja kimoja. Kila kimoja alikikwaruza na tupa yake, akasikiliza mlio wake kwenye jiwe, akakitenga kushoto au kulia. Kulia kukawa na koleo, spana, futi ya kupimia na msumeno mdogo. Alisema hivyo vitanifaa miaka mingi, kwa kuwa mimi natengeneza kitu mara moja au mbili kwa mwaka, si fundi anayeishi kwa kazi ya mikono kila siku. Angekuwa fundi ameleta, angemrudisha navyo mnadani. Kushoto kukawa na bisibisi na kile kichwa cha nyundo. Nikamuuliza vina ubaya gani, mbona vinang'aa kuliko vingine.

"Aliyetengeneza hivi alijua vitauzwa," akasema. "Hakuambiwa vitatumika."

Akavukuta moto. Ncha ya bisibisi ikawa nyekundu, akainyoosha kwa mapigo madogo, akaitumbukiza majini ikalia kama mafuta ya kukaangia. Akaisafisha, akairudisha karibu na makaa mpaka rangi ya majani makavu ikapanda kwenye chuma, akaitumbukiza tena. Nyundo alisema chuma chake si kizuri sana wala si kibaya, kwa misumari yangu kinatosha, ila mpini ndio uongo mtupu. Aliuvunja kwa goti bila kukunja uso. Ndani ya ile rangi nyekundu mlikuwa na mti mwepesi kama kijiti cha kiberiti. Akachonga mpya kutoka kwenye kipande cha mpini wa jembe kuukuu, akaupigilia kabari. Ulikuwa mbaya kwa macho, una fundo katikati, lakini uliingia mkononi mwangu kama umenizoea. Nilimwachia mayai niliyoyabeba kama ujira, nikarudi.

Mlango ulinichukua mchana mzima. Ule ubao uliong'oka niliukata, nikapachika kipande kipya. Mama mkwe alishikilia mlango kwa chini, akilalamika kwamba nauvuta kushoto, na alikuwa sahihi. Mtoto mgongoni alicheka kila nilipopiga msumari, kama vile kazi yote ilikuwa mchezo wa kumfurahisha yeye. Bisibisi haikujipinda. Nyundo haikusafiri. Jua lilipoanza kushuka nikaweka komeo nje, nikatundika kufuli, nikafunga, nikafungua, nikafunga. Nikasimama nje ya nyumba yangu iliyofungwa, hakuna mtu ndani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba, na nilisimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mume wangu alirudi, akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Nilisubiri neno. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akafunua sanduku, akaona bisibisi nyeusi na nyundo yenye mpini wa jembe ambayo haikuingia tena kwenye shimo lake. Akashika kiuno.

"Umeharibu seti," akasema.

Nikamwambia kesho asubuhi nakwenda Gitting na mtoto. Alifungua kinywa kunipa sababu ya kunizuia. Niliona kabisa anaitafuta, macho yakaenda mlangoni, yakaenda kwenye komeo, yakarudi. Hakuipata. Akasema nimsalimie mama.

Asubuhi nikafunga nyumba baada yake kwenda shule, ufunguo nikampa mama mkwe kama tulivyokubaliana, nikaondoka na gari la Dongobesh, nikabadilisha, nikafika Gitting jua likiwa bado juu. Mama hakunisalimia. Alimchukua mtoto kwanza, akaingia naye ndani.

Saa kumi na moja simu ya jirani yake mama ikalia, natafutwa mimi. Ni mume wangu. Mama yake amekwenda kwenye mkutano wa wanawake wa kanisa na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kitenge. Yeye yuko nje, upepo unavuma, na mlango amejaribu kuusukuma na kuuvuta na kuuinua kama zamani, haufunguki. Komeo halitikisiki. Vifaa vyote viko ndani. Akaniuliza, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu tuchumbiane, je, skrubu zile niliziingiza kwa kina gani.

Nikamwambia mpaka mwisho. Nikamwambia nitarudi Jumapili. Kisha nikamrudishia jirani simu yake, maana ndani mama alikuwa amemvua mtoto nguo zote na kumlaza kwenye mapaja, anamkagua kuanzia vidole vya miguu, na mimi sikutaka kukosa hata kidole kimoja.