Springi Nilizozikata Ijumaa

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa ghala la pamba hapa Busia, na gari la michezo la viti viwili limesimama juu ya magogo uani kwangu. Mzungu mmoja aliyerudi kwao baada ya Uhuru ndiye aliyeniachia. Lilikuwa la kijani, na lilipopita sokoni hata akina mama wauza dagaa wa omena waliacha kupima wakaangalia. Lakini kwenye kona za barabara ya Malaba liliyumba, nami nilitaka lilale chini, litulie, kama yale niliyoyaona kwenye picha za magazeti.

Fundi Swaleh alikubali kunisaidia palepale nyumbani. Yeye ndiye aliyetengeneza karibu kila lori la mji huu, na hakuwa ameingia darasani hata siku moja. Sijaona tena mikono kama ile. Aligonga springi kwa spana, akainamisha kichwa kusikiliza, halafu akakuambia ipi imechoka. Springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, alizishusha Alhamisi. Kwanza aliniomba magunia mawili ya mahindi, akayakalisha kwenye viti, moja likiwa mimi na jingine abiria wangu. Kisha akapima kwa kamba nafasi iliyobaki kati ya tairi na madigadi. Nilicheka.

"Wewe cheka tu, karani," akasema. "Gari likiwa tupu linakudanganya. Linakuonyesha nafasi, na watu wakikaa haipo."

Springi za mbele, zile za chuma kilichoviringishwa mizunguko, zilikuwa kazi ya Ijumaa. Alizitoa asubuhi. Alitaka tukate kidogo, turudishe, tupakie magunia, tupime, na ikibidi tukate tena. Adhuhuri akaenda msikitini, akaniomba nisiguse kitu mpaka arudi.

Sasa mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne, na alasiri ile nilikuwa na mgeni. Mzee Wandera wa Marachi, baba yake Nekesa, alikuwa anakuja kumtazama kijana anayetaka kumwoa binti yake, na nilikuwa nimemwahidi kumpeleka Malaba kwa gari. Nikaona habari ya magunia itanichelewesha. Nikashika msumeno wa chuma, nikakata mzunguko mmoja na nusu kwa kila springi, nikazifunga, nikalishusha gari. Lililala chini likapendeza mno, na hadi leo nakiri hivyo.

Mzee Wandera alifika kwa basi kabla fundi hajarudi. Alikuwa mtu mnene, mwenye koti na kofia, akaingia ndani ya gari akicheka. Kwenye kona ya kwanza nje ya mji tairi likang'ang'ania madigadi, usukani ukakataa, tukaishia katika shamba la mihogo. Hatukuumia, lakini koti la mzee lilipasuka na kofia ikabaki chini ya gari. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele.

Fundi Swaleh tulimkuta uani, ameshika vipande nilivyokata. Mzee akauliza ni nani aliyegusa springi, maana hawezi kumpa binti yake mtu anayecheza na roho za watu. Mimi nikaangalia chini. Fundi aliniangalia, akangoja. Alipoona sisemi, akaviweka vile vipande chini.

"Ni mimi, mzee," akasema. "Nilikuwa nakimbilia swala, nikafanya haraka."

Baadaye alivuka mpaka hadi Tororo kunitafutia springi nyingine, akazifunga kwa kupima na magunia yaleyale. Sijaendesha tena gari lililotulia vile. Na Nekesa nikamwoa. Lakini Mzee Wandera alikuwa na malori mawili ya pamba. Akayapeleka kwa fundi wa Malaba, na wenye malori wengine wakamfuata. Swaleh hakunilaumu. Nilipomuuliza kwa nini alinifichia, alisema, "Nilidhani kesho yake utaenda kumwambia." Mwishowe akafungasha, akahamia Mbale, ng'ambo ya mpaka, na watu wake.

Nilimwambia mkwe wangu tukiwa tumeshapata mtoto wa tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilipoteza kofia," akasema. "Nenda kwa Swaleh."

Nilikwenda Mbale mara mbili. Mara ya kwanza nilifika hadi mlango wa gereji yake, nikaona aibu, nikageuka. Mara ya pili nilionyeshwa kaburi.

Basi, mwanangu, ukikosa, sema siku hiyohiyo, mbele ya waliokuwepo. Mtu akikufunika aibu yako, jua amekupa usiku mmoja tu wa kujikusanya. Kukipambazuka, nenda ukaseme ukweli, ili jina lake lisichafuke kwa ajili yako. Na ukimpata anayeijua kazi yake kama alivyoijua Swaleh, mtii, hata kama umesoma kumshinda. Mungu akujalie ulimi usioganda siku unapohitajika. Akuzungushie watu wema, na akupe kuwashukuru wakiwa bado wanakusikia.