Kelele Nyuma ya Sauti ya Okot

Lamunu hakuwa mwanamke wa kushindwa na mashine. Cherehani yake ya kushonea sare za shule, pale nyuma ya fleti za Bugolobi, Kampala, aliifungua na kuifunga mwenyewe, na fundi aliyejaribu kumchezea aliondoka na aibu zake. Kwa hiyo ile kompyuta kuukuu yenye kisogo kikubwa, aliyoachiwa na binti yake Concy alipokwenda Gulu kufundisha, ilipokataa kurekodi, alikunja mikono ya gauni akakaa mbele yake kama aliyeitiwa ugomvi.

Alitaka kuokoa kaseti moja tu. Mumewe, Okot, aliyekuwa kazini asubuhi hiyo, aliirekodi enzi zile alipokuwa askari Kongo, baada ya mtoto wao wa kwanza, Oyet, kufariki kwa surua. Lamunu alimsafirisha mtoto kwa lori kutoka Kampala, akamzika nyumbani kwao Kitgum, kaskazini, bila baba yake. Aliambiwa Okot yuko porini, hakuna barabara, hakuna la kufanya. Kisha askari mwenzake akaleta kaseti, na humo Okot alikuwa akilia, akisema angekuwa na mabawa angeruka aje amchimbie mwanawe kaburi kwa mikono yake.

Kaseti hiyo ndiyo iliyomtoa Lamunu kitandani. Kaka zake walipomwambia kwamba mwanamume asiyemzika mwanawe si mwanamume, hakubishana nao. Aliwawekea kaseti, wakanyamaza. Na sasa, Desemba, familia ingekwenda kulijenga kaburi la Oyet kwa saruji, na alitaka wadogo zake Oyet, ambao hawakumwona kamwe kaka yao, wasikie jinsi baba alivyomlilia. Tatizo redio ya kaseti ilikuwa imeanza kutafuna utepe.

Kwanza alichomeka waya wa redio kwenye tundu la rangi ya waridi la kompyuta. Sauti ikaingia na mikwaruzo mitupu, Okot anakoroma badala ya kulia. Akampigia Concy simu.

"Mama, hiyo ya pinki ni ya maiki. Weka kwa ile ya bluu."

Akaweka kwenye bluu. Kimya. Mstari wa sauti ukalala chali kwenye skrini. Concy akamwelekeza taratibu: abonyeze kale kapicha ka spika kwa kitufe cha kulia cha mausi, atafute mahali pa kurekodi, aiambie mashine ionyeshe vilivyofichwa. Na kweli, njia ya tundu la bluu ilikuwa imezimwa, nani ajuaye tangu lini. Akaiwasha. Mstari ukaamka, na Lamunu akajipigia vigelegele peke yake.

Lakini sauti ilikuwa hafifu. Akaipandisha mpaka mwisho, akavaa hedifoni, na hapo ndipo alipoisikia ile kelele. Nyuma ya kilio cha Okot kulikuwa na kitu kama mtu anayesemea ndani ya debe. Redio yake ndogo haikuwahi kuitoa. Lamunu akapandwa na hasira. Mashine hii inaniharibia mume wangu, alisema moyoni, na akaingia vitani.

Akauhamisha waya mbali na ule wa umeme. Mngurumo ukaisha, kelele ikabaki, tena safi zaidi. Akafuta kichwa cha redio kinachosoma utepe kwa pamba na spiriti. Kelele ikasogea karibu. Akavua hedifoni akaenda dirishani kuangalia kama ni jirani, lakini nje hapakuwa na kitu ila nguo kwenye kamba.

"Concy, hii mashine yako imeshika redio ya watu."

"Hapana, Mama. Kompyuta haiongezi kitu. Kama iko, iko kwa kaseti."

Akairudisha nyuma, akasikiliza tena, safari hii akimwacha Okot alie na kuitegea sikio kelele yenyewe. Kilikuwa kizindaalo, ile spika ya mtaani inayofungwa juu ya mlingoti kutangaza misiba na watoto waliopotea. Mtangazaji alisema kwa Kiganda, neno kwa neno: "Abatuuze b'e Kyebando, waliwo omwana abuze." Wakazi wa Kyebando, kuna mtoto amepotea.

Kyebando! Hapa hapa Kampala, ambako mtu wa Bugolobi huenda na kurudi kabla maharage hayajaiva. Lamunu alivua hedifoni, akaziweka chini. Alijiona mjinga. Miaka yote ile alikuwa amemtetea mtu huyu mbele ya ndugu zake, tena kwa uongo wa mtu huyo mwenyewe, na iliuma mahali ambapo hakujua kama bado pana uhai.

Okot alirudi mchana kutoka Nakawa, anakolinda ghala.

"Mama Concy, chai iko?"

Lamunu aliirudisha kaseti mwanzo, akaiwasha. Alichomoa hedifoni, sauti ikajaa chumba. Okot akatabasamu kujisikia akiwa kijana. Kisha kizindaalo kikasema, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

"Hapo ni wapi, Baba Concy?"

"Hiyo mambo ya zamani. Mashine imechanganya."

"Mashine nimetengeneza mimi. Haichanganyi kitu."

Okot akakaa kwenye kiti cha cherehani. Akanyosha mkono akaizima redio.

"Kulikuwa mama moja, Huguette," alisema. "Nilitoka naye Kongo, nikamweka Kyebando. Walinipa likizo, nikasema kesho nitakuja kwako, kesho nitakuja. Halafu mtoto akakufa. Sasa ningekuja, ningesema natoka wapi?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini kulia, nililia kweli. Hiyo si uongo."

Lamunu alimwamini, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Kama machozi yangekuwa ya bandia, angeyatupa pamoja na kaseti yakaisha.

"Najua ulilia," alisema. "Lori yenye ilibeba mtoto ilipita Kalerwe, hapo chini ya Kyebando yako. Dereva alisimama, ananunua maji. Tulikaa pale mimi na sanduku. Ungetembea tu kwa mguu, ukuje usimame kwa barabara, hata usiseme kitu. Watu hawanijui kabisa walikuja, wakavua kofia."