Dakika Kumi na Tano na Siku Mbili

Swali lililoninyima usingizi wiki mbili liliandikwa kwa Kifaransa kwenye fomu ya kampuni ya ndege: je, umewahi kupoteza fahamu? Kama ndiyo, kwa muda gani? Nikijibu ndiyo, niliwaza, watamchukua mwingine. Nikijibu hapana na siku moja wakagundua, leseni itafutwa. Na hata kama ningetaka kusema ukweli, sikuujua.

Wengi wenu wa kikundi cha sala hapa Nguba mnanifahamu. Mimi ni Pacifique. Nilisomea urubani Afrika Kusini, nikarudi na leseni, nikawa nasubiri kuitwa na kampuni moja inayopeleka watu na mizigo kwenye viwanja vidogo vya msituni. Nilikuwa mzima. Nilikimbia kila asubuhi, na nilipima shinikizo la damu mara nyingi kuliko wazee.

Siku ya mahari ya binamu yangu nilipanda pikipiki kwenda Walungu. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko lori lilitokea, dereva wa pikipiki akalikwepa, tukaanguka. Hayo niliambiwa. Mimi nakumbuka harufu ya matope tu. Dereva alichubuka viganja. Mfupa wangu wa mguu ulivunjika chini ya goti ukatoboa ngozi, na kisogo kikapasuka. Kofia ya pikipiki ilikuwa moja, na aliivaa yeye.

Nilipelekwa kituo cha afya cha karibu, nikalazwa siku mbili, kisha hospitali mjini. Kumbukumbu yangu ya kwanza ni mama akinipangusa matapishi shingoni. Mguu ulitiwa vyuma, kidonda kikatoa usaha wiki tatu. Kichwa kiliuma kila nilipoinama. Lakini kilichonitisha zaidi ni maneno. Naona kijiko, najua kazi yake, jina halinijii. Nilijifungia chooni nikisoma kwa sauti orodha ya ukaguzi wa ndege, ili mtu asinisikie nikikwama. Maneno yalirudi baada ya miezi minne. Magongo niliyaacha baada ya miezi minane.

Wakati huo mama alikuwa ameshasimama mbele yenu akasema nilikuwa maiti siku tatu, Mungu akanirudisha. Mlilia, mliimba, mkasimulia. Nilipokwenda kuchukua fomu, karani alinitazama mguu akauliza, “Ni weye ule pilote alifufukaka?”

Nilicheka, kisha nikaogopa. Rubani aliyezimia siku tatu, nani atampa ndege?

Basi nilirudi kule kituoni kumtafuta muuguzi aliyenipokea, maman Vumilia. Nilimweleza habari ya siku tatu, akaweka kalamu chini.

“Siku tatu? Ulifika hapa unanitukana. Ulisema niko muchawi, niachilie mguu yako.”

Alifungua daftari lake. Dereva alikuwa amesema nililala barabarani kama dakika kumi na tano. Sikutetemeka kama mtu wa kifafa. Nilishusha pumzi. Ndipo akaendelea kusoma: kwa siku mbili niliuliza swali moja tu, ndege yangu iko wapi. Wananijibu, nasahau, nauliza tena.

Shule ya urubani tulifundishwa kwamba kusahau kwa namna hiyo nako huhesabiwa pamoja na kuzimia. Naye aliona uso wangu ukibadilika.

“Nikuandikie yote, ao nikuandikie dakika tu?” Kisha akaongeza, “Mimi sipandi ndege. Lakini wale abiria watapanda, weye ndiye unajua.”

Nilifikiri mpaka akahudumia wagonjwa wawili. Kisha nikamwambia aandike yote.

Nyumbani nilimsomea mama karatasi ile. Akasema, “Mutoto anakuangalia, hakujue. Ule iko muzima?” Sikubishana naye. Zile siku alizihesabu yeye, si mimi.

Namshukuru Mungu, dereva aliyenibeba huku viganja vyake vikivuja damu, mama, na ninyi mlioleta uji hospitalini. Kwa aliyeumia kichwa nasema hivi: usiwe na haraka na maneno yaliyopotea, na umtafute aliyekuona wakati wewe hujioni, akuandikie alichokiona. Na kila abiria awe na kofia yake.

Daktari wa kampuni aliniambia mapema kwamba atakayeandika ndiyo atapimwa ubongo na huenda akasubiri mwaka mzima, bila ahadi ya kazi. Jumatatu iliyopita niliweka alama kwenye ndiyo. Nikaandika dakika kumi na tano, na chini yake, siku mbili bila kumbukumbu. Niliambatanisha karatasi ya muuguzi, nikamkabidhi daktari mwenyewe mkononi, maana ningeiacha mezani ningerudi kuichukua.